Mwenye saluni naye apewe bakshishi?

Umeshasukwa, umeshapendeza, umeshalipa. Sasa ile noti ya juu umpe nani?

Umewahi kwenda kusuka mkesha wa Idi hapa mjini? Basi kasheshe yake unaijua. Saluni zinajaa tangu asubuhi, kina dada wamekaa mpaka barazani, mwingine ana hina mikononi hawezi hata kujikuna, na kila mmoja anaapa kuwa yeye ndiye aliyetangulia!

Mkesha mmoja kama huo nami nilikuwemo, kwenye saluni ya uchochoroni Mji Mkongwe. Mwenye saluni ni mama wa makamo, mtaani tunamwita Anti. Alinisuka mwenyewe kwa mikono yake. Lakini kabla hajanigusa, kulikuwa na binti aliyekishika kichwa changu tangu laasiri. Yeye ndiye aliyefumua rasta za zamani, akaosha, akachana, akakausha. Anti alipoanza kusuka, binti akasimama pembeni akimgawia rasta moja moja.

Tukamaliza isha imeshapita. Nikalipa bei tuliyopatana, na kwa furaha nikamtia Anti noti ya elfu tano mkononi.

"Ahsante mwanangu, Mungu akuzidishie," akasema, akaitumbukiza kwenye droo pamoja na nyingine.

Binti akanisindikiza mpaka mlangoni. "Sikukuu njema, dada." Nikapekua mkoba. Imebaki nauli ya daladala tu! Niliona haya njia nzima mpaka nikafika nyumbani.

Tangu siku hiyo swali halinitoki: hivi mwenye saluni anastahili bakshishi, au nilimpa ya mtu?

WENZETU WANASEMAJE?

Marekani, ambako wengi wamezoea kumwachia msusi asilimia 15 mpaka 20 juu ya bei, ilikuwapo kanuni ya zamani: mfanyakazi mpe, mwenye saluni usimpe. Hoja yao ni kwamba mwenye saluni ndiye anayepanga bei, na faida yake ameshaitia humo humo. Siku hizi kanuni hiyo imelegea, wengi wanampa hata bosi. Japani ndiyo kabisa, bakshishi si desturi yao. Ukiacha hela mezani, usishangae mtu akikukimbilia njiani kukurudishia!

Hoja ya Wamarekani ina ukweli wake hata kwetu. Lakini usidhani faida ya mwenye saluni ni mteremko. Kodi ya chumba ni yake, dawa za nywele ni zake, draya ikiungua ni yake. Nani kasahau giza la mwaka 2008, Unguja ilipokaa kiasi cha mwezi mzima bila umeme? Halafu likaja lile la Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu! Aliyekuwa na jenereta alinunua mafuta. Asiyekuwa nayo alikaa akapunga upepo.

NA SISI JE?

Kulipia mtu akupendezeshe hakukuanza jana hapa Unguja. Hamamni, ile hamamu iliyojengwa zama za Sultani Barghash (1870-1888), ilikuwa na mpaka mahali pa kunyolea. Na neno lenyewe bakshishi limetoka kwa Waajemi. Lakini jambo la kutoa cha juu tunalo kwa majina yetu wenyewe. Kuna kilemba, anachopewa fundi au mwalimu kazi inapokwisha. Na kuna tunzo.

Nenda kwenye taarabu ujionee. Wimbo ukimkolea mtu, anainuka na noti yake, anajidai nayo kidogo, anamtunza mwimbaji. Haulizi kama mwimbaji ni tajiri au masikini, wala kama kikundi ni chake au kaajiriwa. Marehemu Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alisifika kwa sauti yake, kwa ngoma ya unyago na kwa hina. Yule alikuwa bosi wa nafsi yake. Nani angethubutu kusema asitunzwe kwa kuwa hana bosi?

Kwa hiyo kwetu tunzo si sadaka. Hupewa mtu kwa kuwa kakufurahisha, si kwa kuwa ana shida. Mwenye saluni aliyekusuka ukasukika, kumpa si kosa wala si kumdharau.

Ila, mwenzangu, tazama vizuri pale ukumbini. Mwimbaji yuko mbele anaonekana. Wapiga fidla wako nyuma wameinamia fidla zao. Yule binti wangu wa mkesha wa Idi ndiye mpiga fidla.

BASI UMPE NANI?

Jiulize kwanza ni mikono mingapi iliyopita kichwani mwako. Dada anayesuka watalii ufukweni Nungwi au Paje, mwenye mkoba na kitana tu, huyo ndiye bosi na ndiye mfanyakazi. Ukipenda kazi yake, mpe bila kusitasita.

Kukiwa na wasaidizi, anza na wao. Na mpe mwenyewe mkononi, usipitishe kwa bosi ukitaraji itafika. Saluni nyingine zinawalipa mabinti kwa kichwa, akikosa kichwa hana kitu. Nyingine msusi anakodi kiti, yaani ni bosi wa kiti chake. Huwezi kujua kwa kutazama, uliza.

Una elfu tano tu ya ziada? Ivunje kabla hujakaa kwenye kiti. Elfu tatu kwa aliyefumua na kuosha, elfu mbili kwa Anti na maneno "hii ya soda." Una elfu mbili tu? Ya binti. Anti mpe neno zuri mbele za watu na umpelekee shoga yako wiki ijayo. Mteja mmoja mpya ni zaidi ya soda.

Na kama Anti ni shoga wa mama yako, unaona haya kumtia hela mkononi kama unamlipa shangazi, basi usimpe hela. Mpelekee sahani ya futari Ramadhani. Ataikumbuka.

Lakini kuna kubwa kuliko yote: lipa bei kamili. Kuna kina dada wanaobana bei mpaka ikashuka elfu tano, halafu wanatoa bakshishi elfu mbili mbele za watu waonekane. Huko ni kuzuga! Na kuna wale wa "Anti, nitalipa mwisho wa mwezi." Anayelipwa kwa kichwa, siku hiyo atalipwa na kichwa gani?

Na nyinyi kina kaka msicheke, kwa kinyozi ni yale yale. Yule kijana anayefagia nywele zako na kukufuta shingo anakuona unavyompita.

Kina Anti nanyi sikilizeni. Ukipewa noti mbele ya binti aliyeanza kazi hiyo, mkatie chake pale pale. Asiyekatiwa leo, kesho atafungua saluni yake mlango wa pili.

Mie niliporudi kufumua zile rasta, nilikwenda na noti mbili nimezikunja mbalimbali. Nikaitoa ya binti kwanza. Anti akanitazama, akaangua kicheko.

"Na mimi yangu iko wapi?"

Nikampa.