Jirani ni Nani?

Dogwood Hollow ni mtaa mdogo wa Levittown, Pennsylvania, Marekani. Hauna halmashauri yake; umo chini ya Bristol Township. Mjenzi wake, William Levitt, aliwauzia Wazungu peke yao. Agosti 1957, William na Daisy Myers, Wamarekani Weusi, walinunua nyumba kwa mkazi mmoja, wakahamia na watoto wao watatu. Umati ukawazingira usiku, mawe yakavunja dirisha lao. Majirani wachache walisimama nao. Akina Myers hawakukubali kufukuzwa, na hatimaye amri ya mahakama ikatuliza ghasia. Utu haungoji mahakama. Je, mgeni akihamia mtaani kwako kesho, utampigia hodi, au utaufunga mlango wako?