Uliza Kwanza, Sahihi Baadaye



Kwa miaka mingi watu wa West Nile wamesafiri kwenda kukata miwa Kakira na Lugazi. Hata leo kijana hutoka Ludara, Koboko au Arua, akapanda basi kwenda kutafuta kibarua mbali na kwao. Siku ya kuanza kazi hupewa karatasi aweke sahihi au dole gumba. Siku ya kuachishwa hupewa nyingine. Mara nyingi zote mbili ni za Kiingereza, na zote mbili huambiwa: "Fanya haraka, wenzako wanangoja." Haraka hiyo ndiyo inayotupotezea haki.

Tuanze na mkataba wa kazi. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi masharti ya kazi yako: kazi gani, mshahara kiasi gani, saa ngapi, likizo na notisi. Kama hujui kusoma, au huelewi lugha iliyotumika, sheria inataka mkataba huo ushuhudiwe. Basi usione haya kusema, "Sijaelewa."

Karatasi ya kuachishwa ni ya hatari zaidi. Kwa kawaida huandikwa hivi: nimepokea haki zangu zote na sitadai tena. Tuseme umefanya kazi miaka 6 kwa mshahara wa shilingi 200,000 kwa mwezi, nawe unapewa shilingi 300,000 na karatasi hiyo. Mtu wa miaka 5 hadi 10 kazini anastahili notisi ya miezi 2. Hiyo peke yake ni shilingi 400,000, na siku za likizo ulizokuwa hujachukua hazijahesabiwa.

Kiinua mgongo hakitolewi kwa kila anayeachishwa. Lakini aliyefukuzwa kinyume cha haki baada ya kutumika miezi 6 au zaidi anacho. Sheria iliacha kiwango kipatanwe. Pasipokuwa na mapatano, Mahakama ya Viwanda iliamua mwaka 2015 kuwa ni mshahara wa mwezi 1 kwa kila mwaka wa kazi. Kwa mtu wetu huyo ni shilingi 1,200,000.

Tena, asikuhesabie fedha za NSSF kuwa ni zawadi yake. Hiyo ni akiba yako: 5 kwa mia hukatwa katika mshahara wako na 10 kwa mia hutoa mwajiri.

Wengine huuliza: je, niliyekwisha kutia sahihi nimepotea? La. Sheria haikubali mapatano yanayomnyang'anya mfanyakazi haki aliyopewa na sheria yenyewe. Lakini kazi ya kudai huwa nzito, kwa maana utaulizwa kwa nini ulikubali. Ni rahisi kuuliza kabla kuliko kueleza baadaye.

Basi ukiitwa ofisini fanya hivi. Omba nakala uende nayo. Mwonyeshe katibu wa tawi la chama. Nenda kwa Afisa Kazi wa wilaya. Panapo shaka, tafuta wakili. Chama cha Wanasheria Uganda kilianzisha mwaka 1992 mradi wa kuwasaidia wasio na uwezo wa kulipa. Na ukishurutishwa kupokea fedha siku ile ile, andika juu ya sahihi yako: "Nimepokea shilingi kadhaa tu, sijakubali kuwa ndizo zote." Andika na tarehe.

Wala usikae nyumbani ukisubiri. Malalamiko ya kufukuzwa kinyume cha haki yapelekwe kwa Afisa Kazi ndani ya miezi 3.

Ndugu, mwajiri ana wakili wake aliyeiandika karatasi ile. Nasi tuwe na wetu wa kuisoma. Maji yakimwagika hayazoleki.