Dawa za saratani ya ini zinasonga mbele, sisi je?

VIJANA wengi wa Thika na Ruiru wakisikia mtu anaumwa ini, akili inakimbilia pombe. Ni kweli, pombe inaumiza. Lakini huku kwetu kuna washukiwa wengine wawili wasiotajwa sana: virusi vya hepataitisi B na sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa mahindi na njugu.

Mwaka 2004 sumukuvu iliwashika watu 317 nchini na kuua 125. Makueni na Kitui ziliumia zaidi, lakini Thika pia ilikuwa kwenye orodha. Hao walikula dozi kubwa. Dozi ndogo ya kila siku haina kelele. Inaharibu jeni ya TP53, ambayo ndiyo breki ya seli. Breki zikikatika, uvimbe unaanza. Na kama tayari una hepataitisi B, hatari inaongezeka maradufu na zaidi.

Sasa tuingie kwa dawa. Kemo ya kawaida inapiga kila seli inayogawanyika haraka, nzuri kwa mbaya. Dawa lengwa inatafuta waya mmoja na kuukata huo. Ya kwanza ya saratani ya ini, sorafenibu, iliidhinishwa Marekani 2007. Ni tembe tu. Inazima ishara zinazouambia uvimbe ukue na ujitengenezee mishipa ya damu. Kwenye utafiti wa 2008, nusu ya walioimeza walivuka miezi 10.7, kwa waliopewa tembe tupu, ilikuwa miezi 7.9.

Mwaka 2020 ikaja pea: atezolizumabu inayoamsha kinga ya mwili, na bevasizumabu inayoubania uvimbe damu. Baada ya mwaka mmoja, wagonjwa 67 kati ya 100 walikuwa hai, dhidi ya 55 wa sorafenibu.

Poa sana, lakini kuna shida mbili. Kwanza, tafiti hizo zilichukua watu ambao ini lao bado lilikuwa na nguvu. Huku mtaani, wengi hufika hospitali macho yashageuka manjano na tumbo limejaa maji, baada ya miezi ya kumeza dawa za gesi. Pili, dawa hizo hazilengi lile kovu ambalo sumukuvu inaacha kwenye TP53. Atakayeitafuta dawa yake lazima achunguze uvimbe wa wagonjwa wa kwetu. Hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, yenye kituo cha saratani, iko jirani na Ruiru. JKUAT iko Juja, katikati ya miji yetu miwili. Kama unasomea sayansi hapo, kazi ndiyo hiyo.

Wengine tuanzie tulipo. Kenya ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo ya hepataitisi B mnamo 2001. Ulizaliwa kabla? Huenda hukuipata. Kapime damu. Ukiwa huna virusi, dungwa chanjo tatu ndani ya miezi sita. Ukipatikana navyo, usikate tamaa: kuna tembe za kuvituliza, na ini lako litafuatiliwa kwa skani.

Na yale mahindi yaliyoota ukungu, usidhani ukiyachemsha githeri usiku kucha yatakuwa salama. Moto wa jikoni hauimalizi sumukuvu. Yatupe, na usimpe kuku.