Maumivu ya Goti: Wakati Gani Umwone Daktari

Wapo wananchi ambao wanapopata maumivu ya goti hununua dawa za kutuliza maumivu dukani bila kupimwa. Dawa za kundi la diklofenaki na ibuprofeni, zikitumiwa kwa muda mrefu bila usimamizi, huweza kusababisha vidonda vya tumbo na kudhuru figo, huku chanzo cha maumivu kikiendelea.

Chanzo hicho hutofautiana. Kwa wenye umri au uzito mkubwa, mara nyingi ni kusagika kwa gegedu linalofunika ncha za mifupa. Kwa wengine ni jeraha, jongo au maambukizi.

Mwananchi anashauriwa kufika hospitali siku hiyo hiyo endapo goti limevimba na lina joto, huku akiwa na homa, au iwapo ameanguka na hawezi kusimamia mguu huo. Maambukizi ndani ya kiungo huweza kuharibu gegedu kwa siku chache tu. Maumivu yanayodumu kwa wiki kadhaa, au goti linalokwama, pia huhitaji uchunguzi.

Daktari huuliza maumivu yalivyoanza, hulikunja na kulinyoosha goti, na ikibidi huagiza picha ya eksirei au vipimo vya damu. Goti lililosagika hutibiwa kwanza kwa mazoezi tiba na kupunguza uzito. Upasuaji wa kubadilisha goti huja mwisho, na hufanyika kwa rufaa katika hospitali za kibingwa, ikiwemo Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI).

Mgonjwa akumbuke kumtajia daktari dawa zote alizokwisha kutumia, zikiwemo za asili.