Msalaba Mwekundu na Vijana wa Madrasa: Yale Tuliyojifunza



Ndugu msomaji, katika vikao vya wazazi liko swali moja ambalo limerudi mara nyingi kuliko hata swali la ada. Mzazi anauliza: "Ustadh, mwanangu amejiunga na klabu ya Msalaba Mwekundu shuleni. Nyinyi mmemruhusu?" Wengine huuliza kwa upole. Yuko mmoja alikuja na fulana ya mtoto mkononi, yenye ile alama kifuani, akaiweka juu ya meza yetu bila kusema neno. Tumeona ni vyema tulieleze jambo hili katika jarida letu, ili anayekubali akubali kwa kujua na anayekataa akatae kwa kujua.

Tuanze na kisa chetu wenyewe. Miaka michache iliyopita, katika mwezi wa Ramadhani, tulikuwa tukifuturisha wanafunzi hapa madrasa. Sufuria la uji likateleza kwenye mafiga, na mtoto mmoja wa darasa la chini kabisa akaungua mguu. Tulikimbizana. Mwalimu mmoja akaleta asali, mwingine akatafuta dawa ya meno, na mama mmoja jirani akavunja yai. Binti mmoja, mwanafunzi wetu ambaye wakati ule alikuwa kidato cha pili, akasema: "Maalim, tummwagie maji kwanza. Maji tu, dakika ishirini." Tulimkemea. Tulimwambia asiingilie mambo ya wakubwa.

Kule hospitali muuguzi alitumia muda mrefu kusafisha asali na yai kabla hajaanza kutibu, mtoto akilia na sisi tumesimama mlangoni. Tulipomuuliza tungefanya nini, alijibu maneno yale yale ya binti yule. Maji safi ya baridi ya kawaida, si barafu, yatiririke juu ya pale palipoungua kwa dakika 20. Vua pete au bangili kabla hapajavimba. Funika kwa kitambaa safi, usipake kitu, mpeleke mtoto kwa mganga.

Binti alijifunzia wapi? Katika klabu ya Msalaba Mwekundu ya shule yake. Alikuwa amejiunga kwa siri, kwa sababu baba yake hakutaka kulisikia hilo neno "msalaba" ndani ya nyumba yake.

CHAMA HIKI KILITOKA WAPI?

Mwezi Juni mwaka 1859 palipiganwa vita vikubwa huko Solferino, kaskazini mwa Italia. Kwa siku moja tu watu wapatao 40,000 walikufa au kujeruhiwa. Mfanyabiashara mmoja wa Uswisi, Henry Dunant, alikuwa akipita kwa shughuli zake. Aliwakuta majeruhi wamelala bila maji wala dawa, akawaomba wanawake wa mji wa jirani wamsaidie kuwahudumia wote, bila kumwuliza mtu alipigania upande gani. Aliporudi kwao aliandika kitabu juu ya aliyoyaona, na mwaka 1863 yeye na wenzake wanne wakaunda kamati katika mji wa Geneva. Hiyo ndiyo mbegu. Leo vyama vya taifa vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu vimezidi 190 duniani.

Hapa kwetu, Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1962, mara tu baada ya Uhuru. Si chama cha kanisa wala cha siasa. Kazi zake ni huduma ya kwanza, kuhamasisha uchangiaji damu, kusaidia katika maafa na kuhudumia wakimbizi. Walipomiminika wakimbizi wa Rwanda huko Ngara mwaka 1994, watu wa chama hiki walikuwa kambini. Meli ya MV Spice Islander ilipozama Septemba 2011 baina ya Unguja na Pemba, waliokuwa wakipokea manusura na maiti ufukweni walikuwamo vijana wa Kizanzibari, Waislamu watoto wa Waislamu, wamevaa vizibao vyenye msalaba mwekundu.

Na karibu zaidi na sisi, tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka mlima Hanang na kuufunika mji wa Katesh na vijiji vyake. Watu zaidi ya 80 walifariki. Katesh si mbali. Anayetoka Singida mjini kwa basi kwenda Babati na Arusha anapita hapo hapo. Familia kadhaa za hapa zina ndugu kule. Wale wa Msalaba Mwekundu walikuwa miongoni mwa waliotafuta watu kwenye tope na kuunganisha watoto na wazazi waliopoteana. Baada ya siku zile, maswali ya wazazi yalianza kubadilika sauti.

JE, NI MSALABA WA KIKRISTO?

Hapa ndipo penye uzito. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1864 ulichagua alama ya msalaba mwekundu juu ya nyeupe, nayo ni bendera ya Uswisi iliyogeuzwa rangi. Waliochagua walikusudia alama ya kumkinga mganga na majeruhi vitani, si alama ya ibada. Ni kweli kwamba ile bendera ya Uswisi yenyewe ina asili ya Kikristo. Hilo hatulifichi, na mzazi anayelitaja hajakosea.

Waislamu waliliona tatizo hili mapema. Dola ya Uthmaniya ilitangaza mwaka 1876 kwamba itatumia hilali nyekundu, kwa kuwa msalaba uliwakera askari wake. Hilali ikakubaliwa rasmi katika mkataba wa mwaka 1929, ikiwa na heshima sawa na msalaba. Ndiyo maana leo Misri, Uturuki, Somalia, Sudan na hata jirani zetu Wakomoro wana Hilali Nyekundu. Mwaka 2005 ikaongezwa alama ya tatu, kioo chekundu, kwa wasiotaka msalaba wala hilali. Alama ni tatu, lakini umoja ni mmoja na kanuni ni zile zile.

Kwa upande mwingine, Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi mno, inatumia msalaba. Senegal vilevile. Wanazuoni na wananchi wa huko wameitazama kama alama ya tiba. Sisi si mamufti na hatutoi fatwa katika jarida la wanafunzi. Mzazi mwenye shaka amwulize sheikh wake. Rai yetu ni kuwa mtoto anayevaa kizibao kile akiwa kazini havai itikadi ya mtu, na fulana akirudi nyumbani anaivua.

Tukiwa hapo hapo, wanafunzi wetu waligundua jambo. Maduka kadhaa ya dawa hapa mjini yamechora msalaba mwekundu mlangoni. Hairuhusiwi! Alama ile inalindwa na sheria, na ikichorwa ovyo kila mahali, siku ya hatari haitaheshimiwa.

HILF AL-FUDHUL

Wako wanaosema Muislamu asishirikiane na wasio Waislamu katika jumuiya. Tuwakumbushe Hilf al-Fudhul. Mfanyabiashara kutoka Zabid, Yemen, alidhulumiwa mali yake Makka na mkubwa mmoja wa Kikureshi. Baadhi ya koo zikakutana nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, zikaapa kusimama na kila anayedhulumiwa, awe mwenyeji au mgeni. Mtume wetu (S.A.W.) alihudhuria akiwa kijana wa miaka kama 20, kabla ya utume. Na baada ya kuja Uislamu akaeleza kwamba lau angeitwa tena katika mapatano yale, angeitikia. Waliokaa kikao kile walikuwa washirikina.

Na kwa mabinti, yupo Bibi Rufayda al-Aslamiyya (R.A.), ambaye hema lake la kuwatibu majeruhi lilikuwa katika Msikiti wa Madina wakati wa vita vya Khandaq.

JINSI IDADI ILIVYOPANDA, IKASHUKA, IKATULIA

Baada ya kisa cha uji tulimwomba mkufunzi wa huduma ya kwanza aje madrasa. Tulimwita pamoja na wazazi, kwa makusudi, na swali la kwanza lilikuwa la msalaba, sio la bendeji. Alijibu vizuri bila kukasirika. Kabla ya siku ile tulijua wanafunzi wetu 4 walio katika klabu za shule zao. Muhula uliofuata daftari letu lilikuwa na majina 31.

Tulifurahi mno, tukawatangazia hadi msikitini. Lakini Jumamosi ya tatu walikuja 9 tu. Tulipowauliza waliobaki tukaelewa. Wengine walitaka fulana, na fulana hazikuwapo. Mvua za Desemba zilipoanza, wa vijijini walikwenda kulima alizeti na mtama na wazazi wao, na hilo hatuwezi kuwalaumu. Mabinti waliacha kwa sababu mafunzo ya kufunga bendeji walifanyishwa pamoja na wavulana, nao wakaona haya. Hili lilikuwa kosa letu sisi, tulipaswa kuliona mapema. Na wengi walisema: "Tunakaa tu, anayefanya ni mkufunzi."

Jawabu hili la mwisho ndilo lililotufungua macho. Tukabadili utaratibu. Mabinti wakapata mkufunzi wa kike na chumba chao. Kila aliyejiandikisha akapewa kazi yake kwa jina: huyu anatunza sanduku la huduma ya kwanza, huyu anakagua kila Ijumaa kama glovu na pamba zimepungua, wale wawili wanawafundisha watoto wadogo kunawa mikono, na wengine wanakaa na machela nje ya uwanja wa swala ya Idd. Asiyefika, kazi yake inaonekana haikufanywa, na wenzake wanamfuata nyumbani kumuuliza kama anaumwa. Tangu hapo wanaokuja hawapungui 20, hata msimu wa kilimo, na hatukuwahi tena kutangaza popote. Wanaletana.

Mambo wanayojifunza ni ya kila siku. Anayetoka damu, bonyeza jeraha kwa kitambaa safi na usiachie. Aliyeanguka kifafa, usimshikilie wala usimtie kijiko mdomoni. Ondoa vitu vigumu karibu yake, na akitulia mlaze ubavu. Aliyeumwa na nyoka, usichanje, usifyonze, usifunge kamba ya kukaza. Mtulize, kiungo kisitikiswe, awahishwe hospitali. Haya ya nyoka yaliwagombanisha na mababu wengi huko Ikungi na Mkalama, na mjadala bado unaendelea.

Kuchangia damu ni kwa waliotimiza miaka 18 na uzito usiopungua kilo 50. Wanafunzi wetu wengi hawajafika, kwa hiyo wanachofanya ni kuwaleta baba na kaka zao. Mwanamume anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4.

KWA WANAOTAKA KUJIUNGA

Mafunzo ni kila Jumamosi baada ya swala ya Adhuhuri, na hayagusi saa za darasa la Qur'ani. Fomu inatiwa saini na mzazi au mlezi. Hatumpokei tena mtoto yeyote kwa siri, hata akiwa hodari namna gani. Mzazi akikataa, tunamwita tuzungumze, na akiendelea kukataa tunaheshimu. Yule binti wa uji sasa amemaliza kidato cha nne na ndiye anayewafundisha mabinti wadogo. Baba yake alitia saini fomu ya mdogo wake mwaka jana. Hakutuambia kwa nini, nasi hatukumuuliza.

Wabillahi tawfiq.