Kura ya Wagiriki na Kura ya Leo



Kila tunaposomesha tarikh, wanafunzi hutuuliza: je, serikali za leo zimeiga demokrasia ya Wagiriki? Jibu letu ni kwamba zimechukua jina na baadhi ya mambo, ila jambo ambalo Wagiriki waliliona kuwa ndiyo demokrasia yenyewe karibu zimeliacha.

Demokrasia ni maneno mawili ya Kigiriki, demos (watu) na kratos (nguvu). Mageuzi yaliyoianzisha yaliletwa na Cleisthenes katika mji wa Athens, kiasi cha mwaka 508 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.). Baraza la mji lilikuwa na wajumbe 500, watu 50 kutoka kila moja ya makabila 10. Hawakufanya kampeni. Majina yao yalitolewa kwa bahati, wakatumikia mwaka mmoja, na mtu hakuruhusiwa kuingia zaidi ya mara mbili maishani mwake.

Hapa lugha yetu inatusaidia. Neno kura limetoka katika Kiarabu, qur'a, na asili yake si kumchagua umpendaye bali ni kutoa jina kwa bahati, kama ilivyopigwa jahazini ikamwangukia Nabii Yunus (A.S.). Kwa maana hiyo ya asili, wajumbe wa Athens walipatikana kwa kura. Aristotle aliandika kuwa kupata viongozi kwa njia hiyo ni demokrasia, na kuwachagua ni utawala wa wachache. Tunaona ana hoja, kwani anayechaguliwa aghlabu ni tajiri au mwenye jina. Makamanda 10 wa jeshi walichaguliwa lakini. Vitani hawakutaka kubahatisha!

Walioandika katiba ya Marekani mwaka 1787 waliisoma habari hiyo wakaiogopa. Mahakama ya mamia ya raia wa Athens ndiyo iliyomhukumu Socrates kifo. Basi wakaweka wawakilishi wa kuchaguliwa. (Wanawake na watumwa walinyimwa sauti kote kuwili.)

Hata hivyo kura ile ya zamani haikufa. Marekani na Uingereza, raia wanaoketi mahakamani kuamua kama mshitakiwa ana hatia hupatikana kwa majina kutolewa kwa bahati. Mwaka 2019 Ufaransa nayo iliwaita raia 150 kwa njia hiyo hiyo, watoe mapendekezo kuhusu tabianchi. Waliyatoa mwaka uliofuata, na serikali haikuyachukua yote.