Bass ya kujitengenezea: kwa nini sauti inapotea huko juu?

Mbao ni muzuri, nyuzi zote ine zimewekwa mu akordi, lakini mpigaji akishuka kwenye shingo karibu na tumbo la gita, bass inapishana na korali. Watu wanasema hana masikio. Mara mingi kosa ni la shevale, ile daraja inayobeba nyuzi.

Freti ya 12 inapashwa kuwa katikati ya urefu wa uzi: kwa milimita 864, ni 432. Lakini uzi ukikandamizwa unavutika, sauti inapanda. Kwa hiyo shevale inarudishwa nyuma milimita chache, zaidi kwa uzi munene wa mi.

Fundi anaweka kwanza nyuzi mupya, juu ya za zamani zinadanganya. Anagusa uzi kidogo tu juu ya freti ya 12, anapiga. Kisha anaukandamiza palepale, anapiga tena. Sauti ya pili ikiwa juu, shevale irudi nyuma. Ikiwa chini, isogee mbele. Kila mara akordi inafanywa upya. Kole ingoje mpaka hapo!

Freti moja tu ikikataa, shevale haina kosa: freti hiyo imewekwa vibaya, inapashwa kung'olewa.